Kutoka Murongo hadi Dar es Salaam kwa Ndege

Ukinyoosha uzi juu ya ramani kutoka Murongo, wilayani Kyerwa, pale Mto Kagera unapotenganisha Tanzania na Uganda, hadi Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere jijini Dar es Salaam, unapata kilomita kama 1,150. Kutoka Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe, uzi unafupika hadi 1,070 hivi. Kutoka uwanja wa ndege wa Bukoba zinabaki kama 1,020. Ndege ya jeti inayokwenda kilomita 800 kwa saa ingeumaliza umbali huo kabla chungu cha maharage hakijaiva. Ndiyo maana kijana mmoja wa Murongo aliponionyesha simu yake, ikisema Dar iko saa moja na nusu kutoka kwenye benchi tulilokalia, sikumbishia. Hesabu ya simu ilikuwa sahihi. Nilichotaka kujua ni kwa nini mtu wa Kyerwa hafiki Dar kwa saa moja na nusu, wala kwa saa tano, wala kwa kumi.

Nilikuwa nimekwenda kumchukua shangazi yangu. Binti yake anayeishi Mbezi alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na kwetu mzazi wa mara ya kwanza halelewi na jirani wakati mama yake yu hai. Shangazi amevuka miaka sabini. Aliwahi kwenda Dar kwa basi, akafika miguu imevimba hata viatu vikamkataa, na watoto wake wakakubaliana kwamba safari hii apande ndege. Nauli walichanga wao. Mimi niliombwa nimsindikize, na nikakubali kabla hawajamaliza kuomba.

Murongo ni mji mdogo wa mpakani unaoishi kwa kutazama ng'ambo. Ukivuka daraja umeingia Kikagati, Uganda, na kutoka hapo lami inakwenda moja kwa moja hadi Mbarara. Mto wenyewe umefungwa kwa ajili ya umeme: mtambo wa Kikagati–Murongo una uwezo wa megawati 14, na nchi mbili zinagawana nusu kwa nusu. Sokoni bei hutajwa kwa fedha zote mbili bila mtu kuhitaji karatasi ya kukokotoa. Jina la Isingiro liko huku Kyerwa na liko kule Uganda pia, na watu wake wanaelewana kwa lugha bila mkalimani.

Hesabu za ramani hapa zinashangaza. Kwa mstari ulionyooka, Kigali iko kama kilomita 120 kutoka Murongo. Entebbe iko kama 230. Bujumbura haifiki 310. Nairobi, ambayo watu wengi wa hapa huiona kama iko mwisho wa dunia, iko kilomita 700 hivi, wakati Dodoma, makao makuu ya nchi yetu, iko 800. Yaani ukisimama kwenye daraja la Murongo, miji mikubwa minne ya nchi jirani, Kampala ikiwamo, iko karibu nawe kuliko mji mkuu wako mwenyewe, na Dar es Salaam ndiyo iliyo mbali kupita yote niliyoitaja.

Kwa nini basi tusiende Kigali, kilomita 120 tu, tukapanda ndege kubwa pale? Shangazi mwenyewe ndiye aliyeniuliza, na lilikuwa swali la mtu anayeijua nchi yake. Jibu liko chini, ardhini. Kati ya Kyerwa na Rwanda kuna Mto Kagera na maziwa na vinamasi vyake, na ng'ambo yake kuna Hifadhi ya Akagera, iliyotengwa tangu 1934. Upande wetu nako tuna Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa, iliyotangazwa 2019 pamoja na ile ya Rumanyika-Karagwe. Ni nchi ya swala na viboko, haina barabara ya kuvukia. Mtu wa Kyerwa anayekwenda Kigali hulazimika kuzunguka kusini hadi daraja la Rusumo, wilayani Ngara, au kuzunguka kaskazini kupitia Uganda. Ndege ingefika kwa dakika chache. Mtu hutumia siku.

Na hata akifika Kigali, tiketi itamchanganya. Saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Ndege ya kutoka Kigali kwenda Dar hukata kilomita kama 1,140, lakini ukisoma muda wa kuondoka na muda wa kufika uliochapishwa utadhani imechelewa njiani saa nzima. Ukirudi, utadhani imepaa kwa kasi ya ajabu. Ndege ni ileile. Kilichobadilika ni saa iliyo ukutani. Nimewahi kuwaona watu wazima wakigombana uwanjani kwa jambo hili, kila mmoja akiwa na tiketi mkononi, na wote wawili wana haki.

Tukaamua Bukoba.

Tuliondoka Murongo kabla ya adhuhuri, siku moja kabla ya ndege. Ilikuwa Novemba, mvua za vuli zimeshika. Gari lilikuwa Probox, lile ambalo mkoa mzima wa Kagera hulitumia kama basi, na abiria wa mbele walikuwa wawili kwenye kiti kimoja kama ilivyo kawaida. Nililipia viti viwili kwa ajili ya shangazi ili akae kwa nafasi. Mizigo yake ilikuwa mikungu ya ndizi iliyokatwa vichane na kufungwa kwa majani makavu ya migomba, maharage kwenye mfuko wa salfeti, na ndoo ndogo ya senene waliokaangwa, kwa sababu Novemba ndiyo mwezi wao na binti yake alikuwa amepiga simu mara mbili kuwauliza.

Kutoka Murongo unapita Kaisho, Isingiro, Rubwera yalipo makao makuu ya wilaya, kisha Nkwenda, ndipo unateremkia Omurushaka, upande wa Karagwe. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lakini barabara haikumegwa: vingi vinavyotoka Kyerwa, iwe kahawa, ndizi, maharage au mgonjwa, hupita hapa. Ni zaidi ya kilomita 100 za vilima. Huku migomba na mibuni imepandwa pamoja, mibuni kivulini, na nyumba zimejificha katikati ya shamba kiasi kwamba unaona moshi kabla ya kuona paa. Kuna pia madini ya bati yanayochimbwa Kyerwa tangu enzi za ukoloni. Wilaya hii ina mali. Inachokosa ni njia fupi ya kuifikisha mali hiyo mahali.

Zipo sehemu ambako kazi ya kuweka lami imekuwa ikiendelea, na unaziona kwa mitambo na kwa njia za kuchepuka. Penye udongo mtupu, mvua ya Novemba ni mtawala. Karibu na Nkwenda lori la ndizi lilikuwa limekwama katikati ya barabara, na nyuma yake foleni ya bodaboda, haisi, Probox na pikapu moja iliyobeba jeneza. Watu waliteremka wakashika majembe. Hakuna aliyelalamika kwa sauti. Jeneza lilipitishwa kwanza kwa mabega. Tulikaa pale kwa muda unaotosha ndege ya jeti kuruka kutoka Bukoba hadi Dar, ikatua, abiria wakateremka wakachukua na mizigo yao. Hesabu hiyo niliifanya nikiwa nimesimama kwenye tope, na ndiyo hesabu iliyonifanya niandike masimulizi haya.

Shangazi hakuteremka. Alitoa kahawa ya kutafuna kwenye kijaluba chake, akanipa punje mbili kupitia dirishani, akasema, "Tafuna, mwanangu. Njia haikimbii." Nami nikatafuna.

Anayeona haya ni mateso mapya akumbuke kwamba umbali huu una historia ndefu. Mwezi Oktoba 1860, Waingereza John Hanning Speke na James Grant waliondoka Bagamoyo na msafara wa wapagazi kuelekea huku huku kwetu. Walifika kwa Rumanyika, Mukama wa Karagwe, huko Bweranyange, mwishoni mwa Novemba 1861. Zaidi ya mwaka mzima kwa umbali ambao ndege haiuwekei hata saa tatu. Si kwamba walitembea polepole. Walikwama kwa vita vilivyokuwa vinaendelea Unyamwezi, kwa wapagazi waliotoroka, kwa maradhi, na kwa hongo walizodaiwa na kila mtawala waliyepita kwake. Muda waliotembea kweli ulikuwa sehemu tu ya safari. Uliobaki ulikuwa wa kusubiri. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliokuwa na kituo chao Kafuro, hapahapa Karagwe, waliijua siri hiyo zamani: njia ya kutoka Tabora hadi Buganda haikupimwa kwa umbali, ilipimwa kwa vizuizi. Nikilitazama lile lori la ndizi, naona kwamba kipimo hicho bado kinafanya kazi.

Omurushaka lami ilitupokea. Kutoka Bugene hadi Kyaka ni kilomita 59 zilizowekwa lami miaka kumi na kitu iliyopita, na mtu ambaye hakuwahi kuipita zamani hawezi kujua neema hiyo. Dereva aliongeza mwendo, shangazi akasinzia. Unateremka kutoka nyanda za juu za Karagwe, mashamba ya miwa ya Kagera yanatandazika upande wa bonde, kisha unafika Kyaka na kuukuta tena mto uleule tuliouacha Murongo. Daraja la hapa lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwishoni mwa 1978, na kwa kipindi kile watu wa ng'ambo ya mto walikatwa na nchi yao kabisa. Wazee wa rika la shangazi hawapiti Kyaka bila kutaja vita. Yeye aliamka pale kana kwamba ameitwa, akatazama upande wa mto hadi tukamaliza kupita, akalala tena.

Bukoba tuliingia giza limekwisha kushika. Kilomita zaidi ya 200 za barabara kwa ajili ya 130 za mstari ulionyooka, siku nzima imekwisha, na bado hatujaondoka mkoani.

Usiku ule nilimsomea shangazi tiketi, kwa sababu alitaka kujua ataamka saa ngapi. Tiketi zote huandikwa kwa saa ishirini na nne, zikihesabiwa kutoka usiku wa manane, nasi tunahesabu kutoka mapambazuko. Iliandikwa 08:30, nami nikamwambia ni saa mbili na nusu asubuhi. Akaniuliza kama hiyo ni saa mbili na nusu ya jua la Kyerwa au la Dar. Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Saa ya Afrika Mashariki imewekwa kwa kufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao uko mbali baharini kutokea kwetu. Murongo iko karibu na nyuzi 30 na nusu. Kila nyuzi moja ni dakika nne za jua, kwa hiyo jua la Kyerwa liko karibu saa nzima nyuma ya saa ya ukutani, na liko zaidi ya nusu saa nyuma ya jua la Dar. Mtoto wa Dar na mtoto wa Kyerwa wanaoamshwa saa kumi na mbili kamili, mmoja anatoka nje kukipambazuka, mwingine anatoka gizani. Shangazi amejua jambo hili maisha yake yote bila ramani.

Asubuhi ilikuwa mvua. Hili si jambo la ajabu Bukoba, na lina sababu. Usiku, ardhi inayolizunguka Ziwa Victoria hupoa kuliko maji. Upepo huvuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani kutoka pande zote, hewa yenye unyevu hukutana katikati na kupanda juu, radi zikazaliwa. Kisha upepo wa mashariki huzisukuma radi hizo kuelekea ufuko wa magharibi, ndiyo Bukoba, alfajiri na asubuhi. Mji huu hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya Tanzania, na sehemu ya mvua hiyo hunyesha saa zilezile ambazo ndege ya kwanza kutoka Dar inataka kutua.

Uwanja wenyewe uko ufukweni kabisa. Njia ya kurukia ina urefu wa kilomita moja na nusu hivi, upande mmoja ziwa, upande mwingine mji na vilima. Uko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka kuliko ambavyo ingehitaji pwani. Kwa sababu hizo, zinazofika hapa ni zile za mapanga, ambazo Watanzania tumeziita pangaboi: ATR na Dash 8. Jeti kubwa hutua Mwanza.

Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi ya mvua kama ile tuliyoikuta, ndege aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikikaribia uwanja huu. Ilikuwa na watu 43. Walifariki 19, na 24 waliokolewa. Waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Wakazi wa Bukoba waliokuwa ufukweni siku ile hawazungumzi habari hiyo kwa haraka, na mimi sitaizungumza kwa haraka. Nasema tu kwamba tangu hapo, abiria wa Bukoba anapoambiwa ndege imechelewa kwa sababu ya hali ya hewa, husikiliza kwa moyo tofauti. Tulipoambiwa hivyo siku ile, ukumbi mzima ulitulia. Mzee mmoja aliyekuwa amevaa koti na kofia ya pama alisema kwa sauti, "Wasubiri hata hadi jioni," na hakuna aliyempinga.

Tukasubiri. Ndizi zikapimwa, zikazidi uzito, tukalipa. Senene wakapita ukaguzi kwa heshima zote. Mkaguzi aliyefungua ndoo alikuwa mtu wa Muleba, akaifunga kwa uangalifu kuliko alivyoifungua.

Mvua ilipokatika na ziwa likaonekana hadi kwenye kisiwa cha Musira, ndege ikaja, ikatua, ikageuza, ikatupakia. Shangazi alikaa dirishani. Mapanga yalipoanza kuzunguka alinishika mkono, na tulipoinuka juu ya maji aliuachia ili ashike kiti cha mbele kwa mikono yote miwili. Baada ya hapo akawa anatazama nje tu. "Hizo ni nyumba za watu?" aliniuliza juu ya visiwa. Ndiyo, ni za wavuvi. Kisha akakaa kimya kwa muda mrefu. Mwaka 1996, tarehe 21 Mei, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu ndani yake. Familia nyingi za Kagera ziliacha mtu katika maji haya. Shangazi alimpoteza jirani aliyekuwa akipeleka ndizi. Meli husafiri kutoka Bukoba hadi Mwanza usiku kucha. Sisi tulilivuka ziwa kwa dakika kama arobaini.

Hapa ndipo penye jambo la hesabu nililolipenda kuliko yote. Watu hulalamika kwamba ndege "inazungukia Mwanza." Haizunguki. Bukoba hadi Mwanza ni kilomita kama 175, Mwanza hadi Dar ni kama 850. Ukijumlisha unapata 1,025, karibu sawa na mstari ulionyooka wa Bukoba–Dar. Mwanza iko njiani. Kinachopotea ni muda: kushuka, kutua, kuteremsha watu, kupandisha wengine, kujaza mafuta, kukimbia tena na kupanda tena hadi juu. Injini hutumia nguvu nyingi zaidi wakati wa kupanda, na mwendo wa kupanda ni mdogo kuliko wa kutulia angani. Kwa hiyo kituo kimoja kinachoongeza kilomita chache sana kinaweza kuongeza saa nzima.

Mwanza nayo ina cheo chake katika habari hii, na sijui kwa nini shule zetu hazifundishi. Tarehe 28 Februari 1931, shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha huduma ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza. Ndiyo, Mwanza ilikuwa mwisho wa njia, kabla haijarefushwa hadi Cape Town mwaka uliofuata. Barua iliyotumwa kutoka London ilikatiza Misri na Sudan, kutoka kituo hadi kituo, ikatumia siku nyingi, ikafika ufuko wa kusini wa ziwa letu. 

Kutoka Mwanza tulipaa tena kuelekea kusini-mashariki, juu ya nchi iliyo kavu na nyekundu. Pangaboi aina ya ATR hukimbia kama kilomita 500 kwa saa, Dash 8 hupita 600, jeti hufika 800. Kwa umbali wa Bukoba hadi Dar, tofauti kati ya ATR na jeti ni dakika kama 45 tu angani. Dakika 45. Huo ndio muda wote ambao mtu wa Murongo angeokoa kama angepewa ndege ya kasi zaidi nchini na uwanja wa kutua. Na lori moja la ndizi lililokwama Nkwenda lilikuwa limekwisha kuutumia muda huo mara mbili na zaidi.

Dar tulitua kwenye joto. Shangazi alivua kitenge cha mabegani mlangoni mwa ndege. Halafu ikaja foleni ya kutoka Kipawa hadi Mbezi, taa baada ya taa, jua likizama mbele yetu mapema kuliko alivyozoea, jambo alilolisema mwenyewe kabla sijamkumbusha. Tulifika kwa binti yake jioni. Mtoto aliwekwa mikononi mwa bibi yake, naye akamwita kwa jina la babu yake mzaa mama, na habari za safari zikaishia hapo.

Nikajumlisha. Kutoka benchi la Murongo hadi mlango wa Mbezi zilikuwa saa zaidi ya thelathini. Angani tulikuwa kwa saa kama mbili na nusu. Tangu 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku, basi la kutoka Karagwe huweza kukufikisha stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, hatua chache kutoka pale tulipokuwa tunakwenda, kwa muda usiotofautiana sana na wetu. Kwa miguu ya shangazi, ndege ilikuwa uamuzi sahihi na ningeurudia. Lakini kwa muda, ndege haikumsaidia kama ilivyoahidi.

Kagera imeongelea uwanja mpya kwa miaka mingi, na jina la Omukajunguti, wilayani Missenyi, kila mtu wa mkoa analijua. Nauunga mkono uwanja mkubwa zaidi, kwa ajili ya usalama kwanza. Ila mtu asiwaambie watu wa Kyerwa kwamba uwanja ndio utakaowaleta karibu na Dar. Kinachowaweka mbali ni zile kilomita 100 za kutoka Murongo hadi Omurushaka. Lami ikikamilika pale, mkulima wa Kaisho ataondoka alfajiri na kuiwahi ndege ya mchana siku hiyohiyo, bila kulala Bukoba, bila kulipa nyumba ya wageni. Barabara hiyo itafupisha safari ya ndege ya Kyerwa kuliko jeti yoyote. Wenye kupanga bajeti walione hilo na waimalize.

Hadi itakapokamilika, wewe unayetoka huko na una ndege ya asubuhi Bukoba, ondoka jana yake kabla ya adhuhuri, hasa Novemba na Aprili. Unapokata tiketi, uliza kama ndege inasimama Mwanza. Na ukiambiwa uwanjani kwamba rubani anasubiri mvua ipite, kaa chini umsubirie.